Je, Kulinunua Dungusi la Jangwani Ni Kuliokoa?

"Ninaendesha kitalu cha maua na mimea ya mapambo kando ya barabara jijini Nairobi. Mteja wangu mmoja anataka madungusi kakati ya Chile yaitwayo Copiapoa, na amenionyesha muuzaji wa mtandaoni anayedai kwamba aliyang'oa ili kuyaokoa kabla mgodi haujafika. Nimesoma kwamba mimea hii inakaribia kutoweka duniani. Je, nikiinunua na kuizalisha hapa, sitakuwa nimeisaidia kubaki? Na kama kwao hapakaliki tena, kwa nini tusiipande Turkana au Chalbi, ambako nako ni jangwa? Mteja huyo tayari ameniletea mmea mmoja nimtunzie: una rangi ya majivu, umejaa makovu, na mizizi yake imekatwa. Ninaogopa kuutupa na ninaogopa kuendelea kukaa nao. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Nitaanza na jibu lililo rahisi kulieleza, ingawa huenda lisiwe rahisi kulipokea: hapana, kulinunua dungusi lililong'olewa jangwani hakuliokoi, hata likiishi kwako miaka hamsini na kutoa maua kila msimu. Kwa upande wa spishi yake, mmea huo ulihesabiwa umekufa siku ulipotolewa ardhini. Nia yako ni njema, na ni nia hiyo hasa ambayo muuzaji wa aina hii huitegemea, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kukueleza kwa kirefu jinsi mimea hii inavyoishi na kwa nini neno "kuokoa" halifai hapa.

Copiapoa ni jenasi ya Chile peke yake. Spishi zake, ambazo ni zaidi ya 30, huishi katika ukanda mwembamba wa pwani ya jangwa la Atacama na mabonde yaliyo karibu, mahali ambapo mvua inaweza kukosekana kwa miaka kadhaa mfululizo. Kinachoiweka mimea hii hai kwa kiasi kikubwa ni ukungu mzito, ambao wenyeji huuita camanchaca, unaotoka kwenye bahari iliyopozwa na mkondo wa Humboldt na kukwama kwenye vilima vya pwani. Ile rangi ya majivu uliyoiona ni nta inayoifunika ngozi ya shina, ikipunguza makali ya jua na kuzuia maji yasipotee. Vitundu ambavyo mmea hupumulia hufunguka usiku, wakati hewa imepoa na ina unyevu; mmea huvuta hewa ya ukaa, huihifadhi katika umbo la asidi, kisha mchana hufunga vitundu vyote na kuitumia akiba hiyo kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Njia hii huokoa maji mengi sana, lakini chakula kinachopatikana ni kidogo, na ndiyo sababu ukuaji wa madungusi haya hupimwa kwa milimita. Mmea unaoenea katika viganja viwili unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mimi na wewe, na yale makundi makubwa yenye vichwa vingi ni ya karne kadhaa.

Hapo ndipo ugumu wa kuyahifadhi unapoanzia. Dungusi moja kubwa hutoa mbegu nyingi katika maisha yake, lakini karibu zote huliwa na wadudu na ndege au hukauka. Chache huota katika mwaka wa nadra ambapo unyevu umetosha, nazo huhitaji kuwa zimeangukia ufa wa jiwe au kivuli kidogo kitakachozikinga katika miezi ya kwanza. Kundi la aina hiyo halijazwi upya kila mwaka; hutegemea wazee wanaoweza kusubiri miaka mingi mpaka mwaka mwema upatikane. Zaidi ya hayo, madungusi mengi hayawezi kujichavusha yenyewe. Ua la mmea mmoja huhitaji chavua kutoka mmea mwingine wa nasaba tofauti, na chavua hiyo hubebwa na nyuki na wadudu wengine. Mimea ikibaki michache, tena iliyotawanyika mbalimbali, wadudu huacha kupita, maua hufunguka na kufunga bila kuzaa, na mtu anayepita huona madungusi bado yamesimama asijue kwamba kundi lile lilikwisha kuacha kuzaliana zamani.

Sasa fikiria yule anayeyang'oa huchagua yapi. Hachukui miche, kwa sababu haina bei. Huchukua makubwa, yenye umbo zuri na nta nyeupe, yaani wazazi wenyewe ambao bila wao hakuna mwaka mwema utakaoleta kizazi kipya. Akiondoa mimea ishirini katika bonde lenye mimea mia moja, hasara si ya asilimia ishirini tu. Anaweza kuwa ameondoa karibu uwezo wote wa kuzaa wa bonde hilo kwa karne nzima ijayo.

Takwimu zinaonyesha kwamba jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza matokeo ya tathmini ya spishi 1,478 za madungusi, na asilimia 31 kati yake zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Karibu nusu ya spishi hizo zilizo hatarini zinaguswa na biashara haramu, na kati ya zile zinazotumiwa kama mimea ya bustani, asilimia 86 huchukuliwa mwituni. Hali ya Copiapoa imezidi kuharibika: mwaka 2013 asilimia 55 ya spishi za jenasi hiyo zilikuwa hatarini, na kufikia 2024 IUCN ilisema ni asilimia 82, ikitaja wazi biashara inayoendeshwa kwenye mitandao ya kijamii kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Asia. Mteja wako ameonyeshwa bidhaa ya soko hilohilo, ila safari hii limefika Nairobi.

Muuzaji anadai kwamba mgodi ulikuwa njiani. Ni kweli kwamba migodi, barabara na ujenzi vinaharibu makazi ya madungusi, na ni kweli pia kwamba kuna uokoaji halali, ambapo mimea huondolewa kabla ya mashine kufika. Mfano ninaopenda kuutaja ni wa dungusi la mviringo lenye miiba ya rangi ya dhahabu, ambalo bila shaka unalo kitaluni kwako na ambalo limepandwa mlangoni mwa hoteli nyingi za Nairobi. Kwao ni Mexico, na sehemu kubwa ya makazi yake katika korongo la mto Moctezuma ilifunikwa na maji ya bwawa la Zimapán katika miaka ya 1990. Baadhi ya mimea iliondolewa mapema na kuhamishiwa kwenye bustani za mimea hukohuko Mexico. Tofauti ni kwamba uokoaji wa namna hiyo hufanywa kwa kibali cha serikali, kila mmea huandikiwa mahali ulipotolewa, na hubaki katika nchi yake, mikononi mwa taasisi inayoweza kuutolea mbegu na kuurudisha mahali panapofaa. Mimea iliyookolewa kweli haiuzwi kwa mtu binafsi ng'ambo ya bahari kupitia ujumbe wa simu. Mwulize muuzaji jina la taasisi iliyosimamia kazi hiyo, namba ya kibali cha kusafirishia nje na mahali mimea ilipotoka, kisha uone kama mazungumzo yataendelea.

Dungusi hilo la dhahabu linatufundisha jambo jingine, ambalo watu wa vitalu hawalipendi sana. Linazalishwa kwa mbegu duniani kote kwa idadi kubwa mno, na hata hivyo porini bado limo katika orodha ya spishi zilizo hatarini. Wingi wa vyungu haujalirudisha mahali pake hata kidogo. Mimea ya vitaluni aghalabu hutokana na wazazi wachache, huchaguliwa kwa uzuri na ukuaji wa haraka, na mara nyingi huwa imechanganyika damu na spishi za jirani kwa sababu nyuki haangalii lebo. Hata Copiapoa tofauti zikichanua pamoja katika kitalu kimoja zinaweza kuzaa machotara, na mbegu za machotara hazina kazi katika kurejesha kundi la asili.

Hiyo haina maana kwamba kuzalisha kwa mbegu ni bure. Kuna faida, nayo ni ya upande wa soko: mnunuzi akipata mmea mzuri, halali na wa bei nafuu, sababu ya kutamani ulioibwa hupungua. Faida hiyo, hata hivyo, ina mipaka. Mche wa Copiapoa huchukua miaka mingi kabla haujaanza kupendeza, na ukiubebesha juu ya shina la dungusi jingine linalokua haraka utanenepa upesi lakini utakuwa wa kijani kibichi, bila ile sura ya majivu na makovu ambayo mteja wako anaitamani. Wako pia wanaotumia vitalu kama pazia, wakichanganya mimea iliyong'olewa na ile iliyooteshwa na kuiuza yote kama mazao ya kitalu. Kama utaamua kuotesha, agiza mbegu kwa mzalishaji anayetaja wazi asili yake, pata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, dai cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na tunza kumbukumbu za kila sinia la mbegu. Kumbuka kwamba karibu familia nzima ya madungusi imo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, na mmea hai uliovuka mpaka bila kibali ni mmea haramu popote ulipo, hata kama si wewe uliyeuvusha.

Kuhusu Turkana na Chalbi, nakuomba uondoe wazo hilo kabisa. Jangwa moja si sawa na jingine. Pwani wanakoishi Copiapoa wastani wa joto huwa kama nyuzi 17, na ukungu hurudi usiku baada ya usiku. Lodwar, kule Turkana, joto ni karibu nyuzi 30 mwaka mzima, mvua hufika kama milimita 200 kwa mwaka tena kwa mafuriko ya ghafla, na ukungu wa bahari haupo. Mmea wako ungeungua au kuoza katika msimu wake wa kwanza. Lakini tuseme ungeishi; hapo ndipo ningeogopa zaidi. Dungusi pekee ambalo ni la asili katika Afrika ni Rhipsalis baccifera, lile jembamba lisilo na miiba linaloning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, na ile mimea minene yenye utomvu mweupe ambayo watu huidhania kuwa madungusi ni jamii ya minyaa. Mengine yote tumeletewa, na Laikipia inajua gharama yake. Mpungate ulioletwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya ua na mapambo ulibebwa na ndovu, nyani na ndege wanaokula matunda yake, ukafunika malisho ya wafugaji, na vijiba vyake vidogo huwatia mbuzi na ng'ombe vidonda mdomoni na machoni. Imebidi wataalamu waagize mdudu maalumu wa kuushambulia. Nyika zetu zina mimea yake yenye haki ya kuwapo, na kumhifadhi mgeni kwa kumwangamiza mwenyeji si uhifadhi.

Sasa tuje kwenye mmea ulio mikononi mwako, ambao naamini ndio unaokunyima usingizi. Dalili ulizozitaja zinatia shaka kubwa. Dungusi lililooteshwa kitaluni huwa na umbo linganifu, miiba mizima na mizizi myembamba mingi iliyoshika udongo wa chungu. Lililotoka porini huwa limeinama upande mmoja, lina makovu ya upepo, mchanga na wadudu, sehemu ya chini imegeuka kahawia na ngumu kama gome, na mzizi wake mkuu umekatwa kwa sababu ulikuwa mrefu mno kuingia kwenye kifurushi. Hata hivyo siwezi kuthibitisha kwa maelezo tu, na wewe usijaribu kuhukumu kwa picha za mtandaoni. Ndani ya jiji lako kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, katika Makumbusho ya Taifa, ambako wataalamu wanaweza kuutambua kwa macho yao.

Kabla ya kufika huko, utenge mbali na mimea yako mingine, kwa kuwa mimea ya porini iliyosafirishwa kwa siri mara nyingi huja na vidung'ata, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wanaojificha kwenye mizizi, nao wakiingia kitaluni utahangaika nao kwa miaka. Usiumwagilie maji wala kuupanda kwenye udongo wenye mbolea. Uweke mahali pakavu penye hewa na kivuli chepesi mpaka majeraha ya mizizi yakauke na kufunga. Baadaye utahitaji mchanganyiko wa kokoto na mchanga mkavu, na maji kidogo sana. Piga picha za mmea wote, mizizi yake na kifurushi kama kipo, na mwombe mteja ahifadhi mawasiliano yake na muuzaji. Kisha itaarifiwe KWS, mamlaka ya wanyamapori ya Kenya, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya CITES nchini. Ninajua kwamba kwenda ofisini kusema "nina mmea ninaoushuku" kunatia hofu, hasa kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu nzito, kwa hiyo zungumza kwanza na wakili akuandalie maelezo ya jinsi mmea ulivyokufikia. Nafasi yako ni bora zaidi ukienda mwenyewe kuliko ukikutwa nao miezi sita baadaye. Jambo moja usilifanye kwa hali yoyote: usiuuze, usimpe mtu, wala usijaribu kuutuma Chile kwa posta, kwa maana kuusafirisha bila kibali ni kosa jipya juu ya lile la kwanza.

Huenda ukauliza kwa nini usirudishwe na kupandwa kwao, jambo likaisha. Hilo limejaribiwa kwa kiwango kikubwa. Mwezi Februari 2020 polisi wa Italia walikamata huko Senigallia zaidi ya madungusi 1,000 ya Chile, mengi yakiwa Copiapoa, ambayo thamani yake sokoni ilikadiriwa kuzidi dola milioni moja, na mwaka uliofuata zaidi ya 800 yakarudishwa Chile. Ilikuwa hatua ya heshima na ninaipongeza kwa moyo wote, lakini mengine yalikuwa yamekwisha kufa, na yaliyorudi hayakuweza kuchukuliwa moja kwa moja hadi mlimani. Mmea uliokaa Ulaya unaweza kubeba magonjwa yasiyojulikana Atacama, kwa hiyo ni lazima uwekwe karantini. Na usipojua ulitoka bonde gani, ukiupanda bonde jingine unaweza kuvuruga nasaba ya kundi ambalo limejitenga kwa maelfu ya miaka. Kung'oa huchukua dakika chache. Kurudisha ni kazi ya miaka, na bado hakuna uhakika.

Kinachorejesha spishi kweli ni kazi ya polepole inayofanyika hukohuko kwao. Mbegu hukusanywa kutoka mimea mingi ya bonde moja, bila kuzidi sehemu ndogo tu ya mbegu za mwaka huo, hukaushwa na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambako mbegu za madungusi mengi hudumu kwa miongo mingi. Chile ina benki yake ya mbegu huko Vicuña, inayoshirikiana na ile kubwa ya Wakehurst nchini Uingereza. Sambamba na hilo hulindwa ardhi, wachavushaji na siri ya mahali mimea ilipo. Nakusihi usiwahi kusambaza picha ya mmea adimu ikiwa na alama ya mahali ilipopigwa, kwani wezi huzisoma pia. Mabadiliko ya tabianchi yanaifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi, maana utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 au zaidi ya spishi za madungusi zitaathirika vibaya katika miongo ijayo, na Copiapoa hutegemea ukungu ambao hakuna mlinzi wa hifadhi anayeweza kuuamuru urudi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo juhudi zimezaa. Huko Texas, dungusi dogo lenye miiba mithili ya ndoano, liitwalo Tobusch, liliwekwa kwenye orodha ya spishi za hatari kuu za Marekani mwaka 1979, wakati mimea iliyojulikana haikufika 200. Wataalamu walishirikiana na wenye mashamba, kwa sababu karibu ardhi yote ya huko ni ya watu binafsi, wakatafuta upya na kulinda walichokikuta, na kufikia mwaka 2018 maelfu yalikuwa yamehesabiwa na spishi ikashushwa daraja moja la hatari. Sehemu ya mafanikio hayo ni kwamba watu walitafuta vizuri zaidi, na sehemu nyingine ni kwamba mwenye ng'ombe alikubali kumruhusu mtafiti apite getini kwake.

Kuhusu mteja wako, mwambie wazi kwamba hutaagiza, na umweleze sababu bila kumfedhehesha, kwa kuwa inawezekana naye aliiamini hadithi ya uokoaji. Kama anapenda mimea ya ukame yenye sura ya kale, mwoteshee mishubiri ya Kenya kwa mbegu zilizopatikana kihalali, ukizingatia kwamba mishubiri ya porini na jamii ya minyaa minene nayo imo kwenye CITES na haipaswi kung'olewa. Nchini Afrika Kusini, tangu mwaka 2019, mimea midogo ya jangwani ya jenasi Conophytum imeng'olewa kwa wingi wa kutisha, mara nyingi na vijana wanaolipwa fedha kidogo, kwa hiyo tusidhani kwamba wizi huu ni wa mabara ya mbali. Akitaka Copiapoa tu na si kingine, mwambie asubiri miche ya mbegu yenye karatasi zake, na umtajie mapema kwamba kwa miaka ya kwanza itakuwa midogo na ya kijani.